Fundi Nzau na Stima ya Kifuani

Kwa miaka thelathini Nzau alitia stima katika nyumba za mtaa wa Komarock, na hakuna aliyewahi kumfundisha lolote kuhusu kazi hiyo. Hata moyo wake uliposimama ghafla kwenye foleni ya zahanati, wauguzi wakambandika vibandiko viwili kifuani na kumshtua kwa mashine hadi ukaanza kupiga tena, alirudi nyumbani akijigamba: "Mafundi ni wengi, lakini ni mimi tu niliyetengenezwa na stima."

Miezi minane baadaye Daktari Sirad, mtafiti mzaliwa wa Eastleigh, alimwita. Alitaka kumpiga picha katika mashine yenye sumaku kubwa, ili kompyuta ikokotoe njia iliyopitiwa na ule mshtuko. Pale vibandiko vilipokuwa aligundisha vidonge vya mafuta ya samaki, maana huonekana vizuri pichani.

"Daktari, mnajisumbua bure," Nzau akamwambia. "Stima inatoka hapa inaenda pale, moja kwa moja. Moyo uko katikati. Kazi imekwisha."

"Tutaona, mzee. Toa vyuma vyote."

Akatoa testa ya kupimia stima, skrubu kumi na mbili, fyuzi iliyoungua na, kwa aibu, bisibisi ndogo ndani ya soksi. Mkewe, Mwikali, akavipokea vyote.

Ndani ya mashine aliambiwa ashike pumzi. "Nimeshika!" akapiga kelele. Picha ikaharibika. Wakarudia. "Nimeshika!"

"Mzee," Sirad akasema kwenye spika, "ukisema umeshika, umeshaiachilia."

Wiki mbili baadaye akawaonyesha matokeo. Mistari ya rangi, yaani njia za stima, ilizunguka kifua, ikafuata misuli, ikapenya kati ya mbavu, ikakwepa mapafu yaliyojaa hewa. Michache tu ndiyo iliyogusa moyo.

"Stima nyingine yote imeenda wapi?" Nzau akauliza.

"Imepita kandokando."

"Kama wewe na kuosha vyombo," Mwikali akasema.

Nzau akaona haya. Kumbe tangu siku ile alikuwa akijivunia makombo. Akakodolea skrini macho, kisha akauliza, safari hii kwa sauti ya chini, "Na kibandiko cha chini kikisogezwa huku, karibu na kwapa?"

Sirad akakisogeza kwenye kompyuta. Mistari ya moyoni ikaongezeka.

"Nimegundua!" Nzau akaruka.

"Mzee, hapo ndipo palipochorwa kwenye pakiti ya vibandiko. Shida ni kwamba wengi hukibandika mbele mno, kama walivyokufanyia wewe."

Mwikali alicheka mpaka akatokwa na machozi, na Nzau, baada ya kununa kidogo, akacheka pia.

Siku hizi, wauguzi wa mtaani wanapofunzwa kutumia ile mashine, Nzau hujitolea kuwa kifua chao. Huvua shati, kitambi nje, akalala mezani huku vidole baridi vikimtekenya ubavuni.

"Sogeza nyuma kidogo," huwaambia. "Hapo. Hata mimi sikujua."