Mfasiri Anayepeleka Maneno Kilimani

Saa moja asubuhi, mfasiri amepiga magoti kwenye lango la zahanati akipima njia ya kuingilia, pimamaji na uzi wa fundi mkononi, sketi yake imejaa vumbi la saruji. Nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, baba yake anasimamia kila kitu.

"Vuta uzi, mama. Umelegea kama wa kuanikia nguo."

"Umenyooka, baba."

"Kwa macho ya msomi, labda."

Baba alisimamia ujenzi wa barabara kwa miaka ishirini na sita, hadi ukuta wa mtaro ulipomporomokea na kumvunja uti wa mgongo. Binti yake, mwenye miaka arobaini na minane, hufasiri vitabu vya vyuo vya ufundi kutoka Kiingereza.

Miaka mitatu iliyopita alipewa kazi ya kutayarisha kamusi ndogo ya wajenzi. Kiingereza kina maneno mengi ya mahali palipoinama, na mchapishaji alitaka kurasa chache. Akayakusanya yote chini ya neno moja, mteremko, akayapa na kipimo kimoja: kila hatua mbili za kwenda mbele, panda moja. Hicho ni kipimo cha kingo za udongo kando ya barabara.

Wanachuo walipoijengea zahanati njia ya viti vya magurudumu, walifuata kamusi hiyo. Baba alipokwenda kutibiwa, wanaume wanne walimbeba kama kabati.

"Nikauliza, nani kajenga njia ya mbuzi?" anakumbuka. "Wakanionyesha kitabu. Nikaona jina la mwanangu."

Mfasiri anafuta pimamaji kwa upindo wa sketi. "Hakunisema. Afadhali angenifokea."

Tangu hapo halimalizi neno mezani. Hulitafutia asili yake, kisha humsukuma baba yake hadi mahali panapofanana nalo. Slope, yaani mteremko, inadhaniwa, ilitokana na neno la kale la kuponyoka. Ramp, njia ya kupandishia magurudumu, ilitoka kwenye Kifaransa cha zamani, kupanda au kutambaa. Brae, neno la Waskoti la ubavu wa kilima, lina asili ya kope la jicho.

"Kilima kina kope?" baba alicheka. Lakini walipofika juu ya bonde siku ile, aliomba wasimame kidogo. "Kweli," akasema. "Kinasinzia."

Neno analolipenda zaidi mfasiri ni incline, mwinamo. Lilitoka kwenye Kilatini, na ndugu yake wa Kigiriki, mwenye maana ya kuegemea, alizaa neno la kitanda, na kitanda cha mgonjwa kikatupa kliniki.

"Basi mimi nimelimaliza lote," baba alimwambia. "Niliegemea ukuta wa mtaro, nao ukaniegemea, nikaamkia kitandani."

Sasa mfasiri anataka toleo jipya lenye maneno kumi na tisa, kila moja na kipimo chake. Mhariri wa kamusi anasita, kurasa zimezidi. Amesema ataamua leo, akishaiona njia mpya ambayo wanachuo wameijenga upya: hatua kumi na mbili mbele, moja juu. Amesimama kando, daftari kwapani.

Mfasiri anashika vishikio vya kiti.

"Achia," anasema baba.

"Baba, mikono yako…"

"Ni yangu. Achia."

Anaachia. Baba anasukuma magurudumu taratibu. Katikati anasimama, mabega yakipanda na kushuka. Mfasiri anafumbata mikono nyuma ya mgongo ili isimkimbilie. Kisha magurudumu yanazunguka tena, na baba anaingia mlangoni peke yake. Ndani, muuguzi anasikika akimuuliza amekuja na nani.

"Nimekuja mwenyewe," anajibu.

Mhariri anafungua daftari lake. "Kurasa tutazipata," anasema.

Kazi bado ipo. Vyuo thelathini na kimoja vilinunua toleo la kwanza, na mfasiri anataka kila kimoja kiutoe ukurasa ule kabla fundi mwingine hajaufuata. Anaviandikia kwa mkono, chuo kimoja kimoja. Barua sita ziko tayari kwenye mkoba wake, na zote zinaanza kwa neno moja: Nilikosea.