Springi za Kwenda Kasungami

Mume wangu Chileshe hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na tangu anioe hakuwahi kuniinulia mkono. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanishitaki kwamba simpendi. Lakini kuna siku nilitamani angekunywa tu pombe, kwa sababu mlevi akilala, pombe humtoka. Gari halikumtoka Chileshe hata usingizini.

Alikuwa fundi umeme kwenye tanuru za shaba, mtu mpole wa maneno machache, anayefunga vifungo vyote vya abacost yake, lile koti la kuvaliwa bila tai, hata kwenye joto la Oktoba. Basi mtu huyo mpole, mwaka ule Wagiriki wengi walipofunga maduka yao na kuondoka, alinunua kwa mmoja wao gari kuukuu la mbio, la Kiingereza, lililoingia nchini zamani kupitia Zambia. Usukani kulia. Rangi nyekundu. Viti viwili. Wakati huo tulikuwa na watoto watatu, na wa nne alikuwa tumboni.

"Baba Mwaba," nikamwuliza, "hawa bana batakaa wapi?"

Akanionyesha kijisehemu nyuma ya viti, mahali Mgiriki alipokuwa akiweka kofia yake.

Tena lilikuwa chini mno. Ukiketi ndani, matako yako na barabara vilikuwa majirani. Mgiriki hakuona shida, maana yeye alikwenda nalo Karavia kila Jumapili kupunga upepo na kurudi kwa lami. Sisi wa mtaa wa Katuba tulikuwa na mashimo. Kila Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa mzima, tuliyajaza mawe meusi yatokayo kwenye tanuru, na kila mvua iliyafukua. Nilijua Chileshe anakaribia nyumbani kwa kusikia chuma kikikwaruza mawe pale konani, kisha sauti yake ikiomba msamaha. Aliliomba msamaha gari.

Haya yote ningeyavumilia kama si macho ya mama yangu. Mama aliishi Kasungami, na mihogo yake na kuku wake, na habari za kuhamia mjini hakutaka kuzisikia. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Mwanangu wa mwisho, Chola, yule aliyekuwa tumboni gari liliponunuliwa, mama alimjua kwa kumpapasa tu. Alimpapasa pua, akampapasa masikio, kisha akaniuliza, "Anafanana na nani?" Nilikuwa nashindwa kujibu.

Ndipo tukasikia kwamba daktari wa macho, yule anayepita Lubumbashi mara moja kwa mwaka, atakuja mwezi wa pili. Nikamwandikisha mama. Sasa, mwezi wa pili ni mvua tupu. Njia ya Kasungami inageuka matope, teksi hazithubutu kuingia, na mama, mwili ule mkubwa na magoti yale mabovu, hawezi kufika kwa miguu hata kwenye njia kuu. Asipoonekana hospitali siku hiyo, ni mwaka mwingine wa giza, na katika umri wake mwaka mwingine si ahadi.

Nilipomweleza Chileshe, uso wake uling'aa. Nikafurahi, nikidhani ni kwa ajili ya mama.

"Basi tutabadilisha suspension," akasema.

Yaani springi na vyote vinavyobeba gari. Kumbe alikuwa anasubiri sababu, na mimi ndiye niliyempelekea.

Hapo akaingia Aruna. Aruna alikuwa mfua chuma wa Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi, si ile nchi, mzaliwa wa hapa hapa lakini ukoo wake wa Maniema, kofia nyeupe ya kufuma kichwani, fundi wa springi za malori. Alikuwa anaamini kwamba hakuna kitu duniani kisichoweza kuongezewa springi. Yeye na Chileshe wakahamia chini ya gari, uwanjani kwangu, na kilichobaki nje kilikuwa miguu. Nilikuwa nazungumza na soksi.

Kwanza waligombana wenyewe. Chileshe alikuwa na gazeti la magari la Kifaransa, lenye picha, na gazeti lilisema gari la mbio likiboreshwa hushushwa chini zaidi na kukazwa, lisiyumbe kwenye kona.

"Kona gani?" nikauliza. "Kasungami iko na kona gani? Iko na mashimo! Mama yangu haende kushindana na muntu!"

"Mama Mwaba, motokari ya chini inashika barabara muzuri."

"Itaishika kabisa. Itaishika na tumbo."

Aruna alicheka mpaka kofia ikamwanguka, na siku hiyo akawa upande wangu. "Tutaipandisha," akasema. "Niko na springi za ile camionnette ya mujomba wenu Mutale. Yenyewe ilishakufa, lakini springi zake ziko nzima."

Mjomba Mutale ni kaka ya mama na mkubwa wa ukoo wetu. Anafanya biashara ya samaki wakavu kule Pweto, na camionnette yake, kilori cha mizigo, ilikuwa imebeba magunia ya samaki hao mpaka ikaishiwa roho kwa Aruna. Nitamrudia mjomba, asidhani nimemsahau.

Basi nyuma wakaongeza springi za mjomba, vile vipande vya chuma vilivyopangwa kama majani. Mbele wakatia springi nene za kuzunguka, pamoja na amortisseur mpya, zile bomba za mafuta zinazozuia gari lisirukeruke. Chileshe alikuwa ameziagiza Ndola, na zilipofika alizilaza kitandani kwetu, upande wangu, zisipate unyevu. Mimi nililala na watoto.

Gari likasimama. Likasimama juu, makalio hewani, kama mbuzi aliyeshtuka. Watoto wa mtaa walikuja kupita chini yake, na jirani mmoja aliuliza kama sasa ni la kulimia. Chileshe akapanda peke yake kulijaribu, akafika konani, akarudi ameshika kichwa. Springi zilizozoea magunia ya samaki hazikumtambua mtu mmoja mwembamba. Kila shimo zilimrusha akagonga paa.

"Haiko kosa ya springi," Aruna akasema bila haya. "Springi inatafuta uzito."

Uzito ukapatikana: unga wangu. Gunia zima la posho ya mwezi likakalishwa kwenye kiti cha abiria na kufungwa kamba kifuani. Na kweli, gari likatulia. Likapita mashimo ya Katuba bila kelele, na Chileshe akarudi akitabasamu mpaka masikioni. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nakwenda kuchota unga wa bukari, yaani ugali wetu, ndani ya gari, na kila jioni aliniuliza, "Umetoa mwingi? Usitoe mwingi, itaanza kuruka." Mwanamke mzima, na sufuria yangu, napimiwa bukari kwa sababu ya springi!

Lakini niliendelea kuchota, maana jambo lilikuwa wazi hata kwangu. Mama yangu alikuwa mzito kuliko gunia. Tulicheka sote watatu siku tulipoligundua. Gari lingefika Kasungami, na mama mwenyewe ndiye angelituliza.

"Mama atalala usingizi humu," Aruna akasema, akilipiga gari kiganja ubavuni. Chileshe akaenda kupangusa pale palipopigwa.

Siku ya hospitali ilikuwa imekaribia sana niliposimama jikoni nasonga bukari, na mwiko ukakwama mkononi. Viti viwili. Kwenye kimoja, Chileshe. Kwenye kingine, mama mkwe wake.

Kwetu, mkwe wa kiume hamkaribii mama wa mke wake. Hali naye, hasemi naye, akimwona mbele anaiacha njia, mpaka siku ukoo wa mke utakapompikia na kumwingiza nyumbani. Siku hiyo lazima mkubwa wa ukoo awepo, na mkubwa wetu ndiye huyo mjomba Mutale, ambaye tangu niolewe anatuma habari kutoka Pweto kwamba atakuja kiangazi kijacho. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Miaka yote hiyo, mama akiingia kwangu kwa mlango wa mbele, Chileshe anatoka kwa mlango wa nyuma. Na sasa tulikuwa tumekaa wiki na wiki tukitengeneza gari ambalo ndani yake bega la Chileshe lingesuguana na bega la mama kutoka Kasungami hadi hospitali. Watu wazima watatu, na hakuna aliyewaza chochote isipokuwa kimo!

"Aruna ataendesha," nikasema usiku uleule, Aruna akiwa bado uwanjani na vyuma vyake.

Chileshe akaufumba ufunguo kiganjani. "Ufunguo hapana," akasema.

"Ginsi gani, ufunguo hapana?"

"Ile motokari haizoee mukono ya muntu mwingine. Embrayage yake iko mbali, muntu asiyeijua ataiunguza."

"Embrayage! Macho ya mama yangu inakufa, weye unanisemea embrayage!"

Embrayage ni klachi tu, ya kubadilishia gia! Nilisema na mengine ambayo sitayarudia hapa. Aruna, mtu mwenye adabu, aliokota nyundo yake akaenda kwake. Chileshe alibaki ameketi mlangoni, ufunguo mkononi. Kuketi na mama hawezi, kutoa ufunguo hawezi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Nilimpita nikaenda kulala nikiwa na hasira ya kuvunja vyombo.

Asubuhi nikakanyaga matope mpaka Kasungami kumwambia mama kwamba safari imekufa. Nilimweleza huku nalia. Yeye alikuwa anapukuchua mahindi, na hakuacha kupukuchua.

"Hii haya ya bukwe," akauliza nilipomaliza, "iko ya nini? Iko ya macho. Bantu wawili wasionane. Sasa mi naona?"

"Hauone, mama."

"Basi anipeleke sasa, macho ikiwa bado imefungwa. Ya kurudi, Mungu anajua."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Mama alijifunika kitenge kichwa kizima mpaka kidevuni. Chileshe alishusha kofia yake na kukaza shingo upande wa dirisha lake, akiitazama njia kwa jicho moja. Mimi na Chola tulikunjwa nyuma, pale pa kofia ya Mgiriki, magoti yangu yakiwa jirani ya masikio yangu.

"Mama Mwaba," Chileshe akasema, "ambia mama ashike mulango, kuko shimo."

Kitenge cha mama kilikuwa kinamgusa mkono alipobadilisha gia.

"Mama, ushike mulango, kuko shimo."

"Umuambie nimeshika."

"Anasema ameshika."

Na shimo lililofuata, vilevile. Mimi ndiye niliyekuwa simu yao, njia nzima, na mtoto mapajani. Lakini sitasema uongo. Gari lilivuka. Springi za mjomba zilinywea chini ya mama na kupanda taratibu, tumbo la gari halikugusa chini, na mama, ambaye hulalamika hata kwenye kiti cha nyumbani, hakuguna.

Daktari alifanya kazi yake. Siku walipomfungua bandeji na kumvalisha miwani minene, mama alimwita Chola kwanza. Alimshika Chola mashavu kwa mikono yote miwili, akamtazama mpaka mtoto akaanza kuhangaika.

"Anafanana na baba yangu," akasema. Nililia mbele ya wauguzi wote, na sikuona aibu.

Nje gari lilikuwa linangoja, na Chileshe kando yake. Aruna pia alikuwa amekuja kumpongeza mama. Mama alifika mlangoni, akaona kivuli cha mkwe wake, akageukia ukuta. Alikuwa anaona sasa. Hangeweza kuingia garini naye. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, na mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, mapya kabisa, ya kumwambia Chileshe na ufunguo wake.

Hakunipa nafasi. Alimwendea Aruna, akamtia ufunguo kiganjani, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja. "Embrayage iko mbali," akamwambia. "Usiikanyage na hasira." Kisha akageuka akaanza kutembea kuelekea Kasungami. Nyumbani kwake ni Katuba! Lakini gari linakwenda Kasungami, basi naye atalifuata huko.

Tulimpita nje ya mji, mvua ikinyesha. Mama alikuwa ameegemea dirisha, akitazama kila mti na kila mbuzi. Akamwona mtu mwembamba pembeni, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi, matope mpaka kwenye mapaja.

"Ule ni nani?"

"Ule ni mukwe yako, mama."

Alipaswa kugeuza uso. Hakuugeuza. Alimtazama mpaka njia ikapinda. Kumbe Kasungami ina kona.

Chileshe alifika jioni, amelowa chapachapa. Alisimama nje ya uzio na kuipa nyumba mgongo, kama inavyotakiwa. Nilitoka kumpokea, na moyo wangu ulikuwa umelainika kabisa. Nilimngoja aulize habari za macho ya mama, au aombe maji.

"Mama Mwaba," akasema, "uulize Aruna: haikugonga chini?"

Mungu wangu! Nilifungua kinywa nimpe jibu ambalo angelikumbuka hadi kaburini. Lakini nyuma yangu, kizingitini, mama akatangulia. Alimjibu mwenyewe, bila kupitia kwangu, mtu ambaye hakuwahi kumsemesha tangu anioe.

"Haikugonga, mwana yangu. Hata fasi moja. Geuka nikuone."

Chileshe hakugeuka mara moja. Alijipangusa kwanza matope usoni kwa mkono wa shati, akaivua kofia, kisha akageuka. Jioni ile mama alichinja kuku, na mjomba Mutale hakungojwa.