Milimita Mia Moja na Kumi na Nane

Wenzake kazini walimwita Bi Tone, naye hakuwa na kinyongo na jina hilo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa vipima mvua. Alisafisha faneli inayokinga mvua, akakaza skrubu na kubadilisha betri, kisha akamwaga maji ya kipimo maalumu ndani ya kifaa ili aone kama kinahesabu sawasawa. Mumewe alipenda kuwatania wageni kwamba ameoa mwanamke ambaye mvua ikinyesha haanui nguo, anauliza kwanza imenyesha kiasi gani.

Alasiri moja alikuwa akirudi na dereva kutoka kituo cha mbali, mvua ikawakamata njiani. Ilishuka kwa fujo hata vifuta kioo vya gari vikawa kama havipo. Upande wa mlima haukuonekana, ulikuwa weusi mtupu kuanzia juu hadi chini. Bi Tone akautazama kwa muda, kisha akampigia simu mkuu wa zamu kwenye chumba cha utabiri.

"Bosi, kituo cha mlimani kinasomaje?"

"Sifuri nukta nne."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tatu asubuhi. Manyunyu tu. Kwani vipi?"

Bi Tone akakata simu. Kituo kile alikwenda kukihudumia yeye mwenyewe majuma matatu nyuma. Kilikuwa cha nne kwa siku ile, goti lilikuwa linamuuma, na nyigu walikuwa wanazunguka mdomo wa faneli. Alisimama kando, akakitazama kifaa kwa nje, akaona taa yake inawaka. Basi akachukua fomu, akatia alama ya vema kwenye "kimesafishwa" na nyingine kwenye "kimejaribiwa", akasaini. Alijiambia angerudi wiki inayofuata. Hakurudi.

"Geuza gari," akamwambia dereva.

"Kwenda wapi, dada? Huko juu ni tope tupu."

"Geuza, kaka. Ukiniuliza tena nashuka, nitakwenda kwa miguu."

Dereva akamwangalia usoni, akageuza. Walipanda kwa gia ya kwanza, gari likiteleza mkia huku na huku. Mara mbili tairi za nyuma zilining'inia kwenye ukingo wa mtaro. Bi Tone alikuwa anapiga hesabu kichwani. Maji ya mlima huchukua kama saa tatu kufika darajani, na chini ya daraja pana soko, na katika soko lile mdogo wake ana kibanda cha mitumba. Alishika simu, akairudisha mfukoni. Akimwambia mdogo wake peke yake akimbie, wale wengine mia tano je?

Saa kumi kasoro walifika. Mlinzi wa kituo, mwanamume mwenye maneno mengi kama redio, alitoka kibandani akiwa amejifunika gunia la nailoni.

"Bora umekuja! Tangu saa tano haijapumua. Nilidhani huko ofisini mmelala."

Bi Tone alikwenda moja kwa moja kwenye kipima mvua cha umeme. Akainua kifuniko, akatia vidole ndani ya faneli. Tundu lilikuwa limezibwa na kiota cha nyigu, udongo mgumu kama saruji, na juu yake majani makavu. Maji yote yalikuwa yanafurika na kumwagikia nje. Kile kijiko cha ndani, ambacho kinapaswa kupinduka kila kikijaa ili mashine ihesabu, kilikuwa kimetulia, kina matone machache tu yaliyopenya.

"Mungu wangu," akasema.

Hatua nne kutoka hapo kilisimama kipimo cha mkono, kopo la bati lenye chupa ndani yake. Mlinzi alikuwa amekipima na kukimwaga saa tatu asubuhi kama kawaida, kwa hiyo kila kilichokuwemo kilikuwa cha leo. Bi Tone akalichomoa kopo, wakaingia nalo kibandani. Chupa ilikuwa imejaa na kufurikia kopo la nje.

"Nipe ndoo safi," akamwambia dereva. "Tutayahifadhi yote, mtu akibisha tupime tena. Na wewe mlinzi, hesabu kwa sauti."

Kila glasi ya kupimia iliyojaa ilikuwa milimita kumi. Alimimina polepole, glasi ikiwa mezani, macho yake sawa na mstari.

"Moja," akasema mlinzi. "Mbili. Tatu."

Walipofika saba, dereva alivua kofia. Walipofika kumi na moja, bado maji yalikuwepo. Glasi ya mwisho ilisoma nane.

Bi Tone alipiga simu akiwa amesimama juu ya kiti, kwa sababu pale tu ndipo mtandao ulipofika.

"Mia moja na kumi na nane, bosi. Kwa saa saba. Toa tahadhari sasa hivi, soko lihamishwe na daraja lifungwe."

"Ngoja kwanza." Sauti ya mkuu wa zamu ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. "Mwezi jana tulitoa tahadhari, soko likafungwa siku nzima, na hata tone halikudondoka. Nilitukanwa hadi na mama mkwe. Sasa mashine inasema sifuri nukta nne, wewe unasema mia na kumi na nane."

"Mashine imeziba."

"Imezibaje? Fomu yako ninayo hapa mbele yangu. Kimesafishwa, kimejaribiwa, saini yako. Majuma matatu tu. Nimwamini nani, wewe wa siku ile au wewe wa leo?"

Angeweza kusema nyigu walijenga jana. Angeweza kusema chochote, lakini mabishano yangekula dakika kumi, ishirini, na maji hayakuwa yanasubiri.

"Wa leo," akasema. "Fomu ile ni ya uongo. Sikufungua faneli. Nilitia vema, nikasaini, nikaondoka."

Mlinzi na dereva wakatazama chini.

"Unajua simu hii inarekodiwa?"

"Najua. Toa tahadhari, bosi. Mimi utanipata baadaye."

Kisha akasikia kiti kikisukumwa nyuma na mkuu wa zamu akiita mtu kwa nguvu.

Ndipo Bi Tone akampigia mdogo wake. "Acha nguo, ondoka."

"Dada, niache mzigo wote—"

"Acha!"

Maji yalifika darajani saa kumi na moja na nusu, mapema kuliko hesabu zake. Yalibeba safu tatu za vibanda, mizani, meza na ng'ombe wawili. Mtu hakufa hata mmoja. Mwenye kinu cha kusaga pale sokoni alivunjika mkono alipokuwa akipanda ukuta.

Baada ya siku kumi Bi Tone aliitwa kwenye kikao. Hakujitetea. Mdogo wake alikuwa amepoteza mzigo wote, na habari ya fomu ilikuwa imemfikia. Simu za dada yake alikuwa hazipokei. Kikao kikampa barua ya onyo na kumpeleka ghalani miezi sita, akatengeneze vifaa vilivyoharibika bila kutia mguu kituoni.

Kabla hajatoka, mjumbe mmoja alimuuliza: "Je, mafundi wengine nao hujaza fomu bila kufungua?"

"Mimi nimekuja kujibu yangu," akasema.

Kesho yake, asubuhi na mapema, mafundi watatu walifika ghalani mmoja mmoja kuchukua funguo za vituo vyao na brashi za kusafishia faneli, bila kutumwa na mtu. Bi Tone aliwapa, akaandika saa waliyoondoka, akaendelea kusugua kutu kwenye kopo lililokuwa mbele yake.