Sahani Ambayo Simai Hakuigeuza

Shemeji yangu Simai hualikwa arusini mara moja tu kwa kila nyumba. Wenzake wakingoja biriani, yeye ashaigeuza sahani aliyowekewa anasoma mgongo wake. Mwenyeji, kwa fahari, humwambia ilikuja na bibi yake mzaa bibi kutoka Hijazi. "Mpya," husema Simai, na urafiki umekwisha.

Kazi yake ndiyo hiyo. Ana duka dogo la vitu vya kale pale Hurumzi, na watu humletea sahani zao za maua awaambie umri wake. Siku hizi wengine hutuma picha kwa simu, upande wa maua, naye hujibu neno moja: "Igeuze." Maua, asema, ni uso, na uso hupakwa poda. Jina la nchi likiwa limeandikwa chini, aghalabu sahani hiyo haikutoka kiwandani kabla ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, hata ukoo mzima ule yamini. Kisha hupitisha kidole kwenye lile duara la chini ambalo sahani hukalia. Sahani iliyotumika kweli ina mikwaruzo ya kila upande. Iliyozeeshwa kwa msasa, mikwaruzo yake yote huelekea upande mmoja. Nimemwambia mara nyingi kwamba ukweli nao una adabu zake. Huitikia naam, kesho akarudia yaleyale.

Sasa fikiri mtu huyo ndiye aliyemuoa dada yangu Wanu.

Dada alitoka kwetu Makunduchi na sahani ya buluu ya bibi yetu, ambayo katika ukoo wetu mama humpa binti siku ya arusi. Mwaka wa kwanza wa ndoa ikamponyoka mferejini, ikavunjika. Alinililia mimi tu, maana kwetu sahani hiyo ikivunjikia mikononi mwa bibi arusi, watu husema ndoa haitakuwa na umri. Akatafuta mjini inayofanana nayo, akaitundika ukutani palepale ilipokuwa ile ya bibi. Kigae kimoja akakipeleka Makunduchi, kwenye kaburi la bibi. Makaburi ya zamani yalipambwa kwa sahani, kwa hiyo tukaona kigae kimoja zaidi pale hakina wa kukiuliza. Baadaye tulikuta mtu amekipachika kichwani pa kaburi kwa chokaa, kisichukuliwe na mvua. Tukadhani ni watu wa msikitini, tukawaombea dua.

Tangu hapo dada yangu aliishi na roho mkononi. Simai alizikagua sahani za mji mzima, lakini ile ya ukutani hakuigusa. Dada alidhani ni heshima kwa marehemu bibi, akashukuru, na vumbi lake akawa anapangusa mwenyewe.

Mwaka huu binti yao Ummkulthum akaposwa, na siku ya kukabidhiwa sahani ikakaribia. Dada akakonda. Kumpa mtoto uongo aende nao kwake hakuweza. Kumwambia Simai, ambaye hajapata kuifichia aibu sahani ya mtu, aliogopa. Nilimshauri afunike kombe mwanaharamu apite. Akanijibu kwamba amefunika miaka yote hii na mikono imemchoka.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, nami nipo, akaitungua sahani na kuiweka mapajani mwa mumewe.

"Igeuze," akasema.

Simai akaiacha ilivyo, akamtazama yeye.

"Si ya bibi," dada akasema. "Ile nliivunja mimi, mwaka ule tulooana. Hii nlinunua."

Nilishajiandaa kumtetea, na wanaonijua wanaujua ulimi wangu.

"Nnajua, Wanu," Simai akasema polepole. "Nlikiona kigae Iddi ile ya kwanza tulipokwenda kuzuru. Wanijua, siwezi kupita sahani ya kaburini bila kuitazama. Kilikuwa kimelala mchangani, nkakitia chokaa."

Dua zetu zote zile zilikuwa zake.

Dada akamuuliza kwa nini hakusema.

"Ungeona haya kwangu," Simai akajibu. "Na hii nkiigeuza, ungenuliza, nami uongo siujui. Basi sikuigeuza."

Miaka yote nimemwita mtu huyu hana adabu. Siku ile nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja, na nasema wazi nililia kabla ya dada.

Ummkulthum akaitwa kutoka jikoni, akaelezwa yote mbele ya baba yake. Tulimwambia anaweza kununuliwa nyingine nzuri zaidi. Akasema anaitaka hiyohiyo, ya mama yake.

"Basi igeuze sasa," dada akamwambia mumewe, "mtoto ajue anachukua nini."

Simai akavaa miwani. Akaigeuza, akasoma alama ya kiwanda, akapitisha kidole kwenye duara, akakaa nayo muda mrefu kuliko anavyokaa na sahani za watu.

"Mpya," akasema.

Na dada yangu, ambaye kwa neno hilo amekosa marafiki nusu ya mji, akacheka mpaka akaegemea bega la mumewe.