Miraba Ambayo Askari Hawakuifikia

Siku yangu ya kwanza ofisini Kisumu, miaka ya sitini ikielekea mwisho, Mkuu wa Takwimu alinikabidhi mashine ya kutobolea kadi na furushi la fomu za askari wa wanyamapori. Ramani ya milima ya kusini mwa ghuba ya ziwa ilikuwa imegawanywa miraba. Kwa kila mraba askari aliandika mwinuko, miamba, majani na idadi ya mbuzimawe, swala mdogo anayesimama juu ya jiwe kwa ncha za kwato. Mimi nilitoboa tarakimu hizo kwenye kadi, kadi zikapanda treni kwenda Nairobi, na kompyuta ikakokotoa mnyama huyo anapendelea mahali pa namna gani. Hesabu hiyo tuliiita modeli. Sikuwa na elimu ya chuo. Niliielewa kwa kusoma kitabu cha kompyuta mara tatu.

Matokeo yakarudi: mteremko wa magharibi, sifuri. Mkuu akaanza kuandaa barua ya kuruhusu mteremko huo uchimbwe kokoto.

Nilitoa fomu. Za mteremko ule hazikuwa na sifuri. Zilikuwa tupu. Nikamwuliza Okech, askari aliyezileta.

"Omera, ndugu yangu, pale kuna mbung'o. Wanauma mpaka ndani ya soksi. Nani aende?"

"Mbona hukuandika kwamba hukufika?"

"Fomu haina mahali pa kuandika hivyo. Nikaacha wazi. Ulitaka nidanganye?"

Hakudanganya. Kompyuta ndiyo iliyosoma nafasi tupu kuwa sifuri. Ndivyo ilivyotengenezwa, na kitabu kilieleza hivyo. Nikampelekea Mkuu kitabu.

"Kompyuta imesema hakuna," akajibu bila kukifungua. "Wewe ulisomea wapi?"

"Nyumbani, bwana."

"Basi hesabu hiyo irudishe nyumbani."

Nikachukua likizo yangu, nikamwomba Okech twende, tukapanda tumejifunga magunia miguuni. Kwa siku mbili tulihesabu mbuzimawe kumi na mmoja. Nikatoboa kadi upya, nikazituma, zikakaa kwenye foleni ya Nairobi wiki sita. Safari hii modeli iliuweka mteremko wa magharibi wa kwanza kwa ubora. Karatasi ilifika baruti zimeshaanza kulipuliwa pale.

Mkuu aliisoma yote, polepole.

"Weka kwenye faili," akasema. Nikaiweka.

Sasa nimestaafu. Vijana wananionyesha ramani zao za rangi na kunihakikishia kwamba siku hizi nafasi tupu haisomwi sifuri. Vizuri. Mimi huomba kuona fomu anayobeba askari. Juzi nilipewa moja, ya kurasa nne. Nimetafuta kote mahali pa kuandika "sikufika." Hapamo.