Fundi Majiko Aliyejitangaza

Nakumbuka siku moja hapa hapa Temeke, mwanangu, nusura nimuue mtu kwa maneno matatu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mkorofi hasa, nimeshindikana nyumbani na shuleni.

Vita vilikuwa mpakani, Kagera, lakini hofu ilikuwa imeshahamia mtaani kwetu. Redio haizimwi, kila mgeni anaangaliwa mara mbili, na watu wanaambiana jasusi anaweza kuwa yeyote.

Jirani yetu Zakaria, fundi majiko, alikuwa amekimbia vita hivyo hivyo huko kwao Kagera. Lafudhi yake ya bara tulikuwa tukiicheka. Asubuhi hiyo nilimwibia vipande vya bati nitengenezee gari la kuchezea. Akanikamata, akanizaba kibao mbele ya wenzangu. Mie na kiburi changu! Nikamwona ameinama, anachora mistari ya chaki kwenye bati apate kulikata. Nikapiga kelele, "Jasusi! Anachora ramani!"

Basi. Sikuongeza neno. Watu wakatoka majumbani, wengine na michi mikononi. Zakaria akajaribu kujieleza, na kila akifungua kinywa ile lafudhi inamzidishia balaa. Nilipoona damu nikakimbia, nikajificha uvunguni mwa kitanda cha bibi. Nikamsikia akilia, "Mimi fundi majiko, jamani!" mpaka sauti ikaanza kupotea.

Bibi akanivuta mguu. "Ni wewe?" Nikajifunika uso kwa mikono. Akanikokota mpaka katikati ya ule umati, akanisukuma mbele. "Sema!"

Nilijikojolea, mwanangu, sioni haya kukwambia. Nikasema nimedanganya. Watu wakanigeukia. Kisha mmoja akaninyanyulia mchi mie, na Zakaria, uso umevimba, akasema kwa taabu, "Mwacheni. Ni mtoto."

Alipona. Lakini tangu siku hiyo, kila akirudi kwake alikuwa akipaza sauti tangu kwenye kona: "Ni mimi Zakaria, fundi majiko!" Vita vikaisha, miaka ikapita, bado anajitangaza. Nikimwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba kwa mbali, hasogei.

Sasa jana nakusikia pale kijiweni kwa bodaboda unamwita mwenzako mwizi, eti kakuudhi! Bakora ilinidondoka. Ukikasirika, funga mdomo, nenda ukanawe uso. Usimwite mtu mwizi, mchawi wala jasusi kwa hasira zako, na hayo ya kurushiana tuhuma kwenye simu ndiyo usiyaguse kabisa. Ukishakosea, rudi mbio useme umedanganya, hata kama watakugeukia wewe. Mie nilipelekwa kwa kuburutwa. Wewe nenda kwa miguu yako.

Mungu akupe ulimi mzito siku ya hasira, mwanangu, na asikuache uzeeke kama mie, unamsikia kila jioni mtu anayeogopa kufika kwake bila kujitaja jina.