Ufa Uliopandwa kwa Kamba

Kabla mashine ya kuchimba visima haijafika Mbuba, hali ilikuwa hivi. Zahanati ilikuwa mgongoni mwa kilima, na maji yalikuwa bondeni. Mjamzito aliyekwenda kujifungua alisindikizwa na ndugu mwenye dumu la maji kichwani, kwani bila dumu hapakuwa na maji ya kumwogeshea mtoto. Mashine ingechimba shimo moja tu, kisha ielekee Biharamulo. Shimo likitoka kavu, madumu yangeendelea. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha mahali pa kuchimba.

Katika miamba ya kwetu maji hukaa kwenye nyufa. Kwa hiyo nilianza na picha za setilaiti zilizopigwa mwishoni mwa kiangazi, nikitafuta mahali ambapo kijani kilikuwa kimebaki, kwani mimea iliyo juu ya ufa wenye maji huchelewa kukauka. Nilikiona upesi: mstari mwembamba, ulionyooka, ukishuka kilima karibu na zahanati. Niliuchora kwenye ramani kwa wino mwekundu, nikauita ufa.

Kwa siku tatu tulipigilia vigingi vya chuma kando yake na kupitisha umeme ardhini. Penye maji umeme hupita kwa urahisi. Penye mwamba mkavu hukataa. Ulikataa. Nikakilaumu kifaa, nikarudia vipimo, ukakataa tena.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mwenye shamba jirani, alikuja kutazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtaalamu. Mbona mmeng'ang'ania mpaka wa shemeji zangu?"

Nilimwonyesha ramani. Aliufuata mstari mwekundu kwa kidole, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno.

"Ufa huu nimeupanda mwenyewe! Mwaka nilioolewa, ukoo uligombania shamba. Wazee wakavuta kamba toka juu hadi chini, sisi wanawake tukapanda ua wa minyaa, tukamaliza kwa pombe ya ndizi. Kumbe setilaiti yenu imepiga picha ugomvi wetu."

Minyaa haikauki kiangazi. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Nimezaliwa Rulenge, na utomvu wake uliwahi kunichoma jicho utotoni. Lakini mbele ya picha nilikuwa nimesahau nyua za nyumbani. Unyoofu ule ndio uliopaswa kunitia shaka, maana mwamba haupasuki kwa kufuata kamba.

Aliacha kucheka. "Mashine inakuja Jumatatu, mtaalamu. Na binti yangu anajifungua mwezi ujao."

Tuliketi na ramani kwenye kizingiti cha zahanati, nikachora mistari mingine yote ya kijani iliyoonekana kwenye picha. Alinitajia ua mmoja baada ya mwingine, ni wa nani na unaishia wapi, nami nikafuta kila mstari alioutaja. Ulibaki mmoja hafifu, uliopinda, ukipita mahali ambapo mgongo wa kilima umekatika na vipande vyake viwili havikutani sawasawa. Sikuwa nimeupa uzito.

"Na huu?"

"Hapo hatujapanda kitu. Mawe matupu."

Tulihamisha vigingi. Umeme ulikataa juu juu, kisha, tulipopima kina kirefu zaidi, ukapita bila taabu. Nilipima mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Huu nani kaupanda?" aliuliza.

"Huu ulikuwepo kabla ya ukoo wenu."

"Basi usiwaambie shemeji zangu. Watasema ni wao."

Kisima kilichimbwa hapo, na maji yalitoka. Binti yake alijifungua mwezi uliofuata, na aliyemsindikiza hakubeba dumu.